Bampa la Reli

Marehemu kaka yangu alikuwa mbishi. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani msiba umenilainisha. Nikimkumbuka nakasirika kwanza. Huzuni huja baadaye, nikishamaliza kugombana naye kichwani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la mdogo wake huvunjika nini. Kwetu tulizaliwa wanaume watatu: yeye wa kwanza, mimi wa kati, na mdogo wetu wa mwisho. Katika nyumba yetu amri zilishuka kutoka juu kwenda chini, na hazikupanda hata siku moja.

Mimi ni fundi bodi hapa Mbinga. Kazi nilijifunza kwenye karakana ya misheni, chini ya bruda mmoja Mzungu aliyekuwa na mikono mikubwa na Kiswahili cha kukatakata. Alikuwa mtu wa sala na mtu wa magari, na sijui kipi kilitangulia. Kwao walikuwa wakimtumia magazeti ya magari, yanafika yamechelewa na kona zimeliwa na panya, naye saa ya chai alituita tuangalie picha. Alipozeeka akarudishwa kwao, aliniachia seti ya spana na rundo zima la magazeti hayo.

Katika gazeti mojawapo kulikuwa na picha niliyoitazama mpaka karatasi ikalegea. Lilikuwa moja ya magari yale ya matajiri yanayokimbia kuliko magari yote duniani, mafupi, yamelala chini kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Lilikuwa limepata ajali kwenye barabara kuu, katika mwendo ambao sisi huku hatuna hata barabara ya kuujaribia. Injini imelala kivyake. Gurudumu moja liko kwenye majani, mlango uko mbali, na pua ya gari haipo kabisa. Katikati ya takataka hizo kilibaki kitu kimoja kizima, mfano wa beseni la kuogea, na hicho ndicho kilichokuwa chumba cha dereva. Dereva mwenyewe alikaa pembeni ya barabara, kofia ngumu mapajani, anakunywa maji.

Nilimuuliza bruda yule mtu kaponaje wakati gari limekufa. Akanijibu kwamba kapona kwa sababu gari limekufa. Akanieleza kwa vidole na kwa penseli. Kile chumba cha dereva kimefumwa kwa nyuzi fulani na kugandishwa kwa gundi, ni chepesi kuliko bati lakini hakikunjiki. Vingine vyote vinavyokizunguka vimetengenezwa ili vikunjike, vipasuke, viruke. Kila kinachovunjika kinaondoka na sehemu ya ule mshindo, mpaka unapomfikia mtu umebaki kidogo. Naye mtu amefungwa mikanda begani na kiunoni, ili asimamishwe pamoja na chumba chake. Asipofungwa, gari litasimama na yeye ataendelea na safari. Hapo bruda aligonga meza kwa kiganja, tukacheka wote.

Mimi nililielewa jambo hilo siku hiyo hiyo, maana nimezaliwa Umatengo. Milima yetu imesimama wima, na mvua zetu hazina huruma. Wazee hawakujenga ukuta kuzuia maji. Walichimba ngoro, yale mashimo yanayopangana mlima mzima, matuta kwa matuta. Maji yakiteremka yanaangukia shimo la kwanza yanapumua, yanaingia la pili yanapumua, na yakifika bondeni yamechoka, hayana nguvu ya kubeba hata punje ya maharage. Nilipomwambia bruda kwamba gari lile ni ngoro tupu, alifurahi akanipiga begani na mkono wake wa grisi. Lile shati halikutakata tena.

Sasa zikaja zile enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya mche peke yake yakajaa vitu, mitumba ikamwagwa kila gulio, na soko la kahawa likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Kaka alikuwa dereva wa malori ya ushirika tangu ujana. Kazi ilipoyumba hakulia. Alikusanya vya kwake vyote, akashuka Dar, akarudi na pikapu iliyotumika ya Kijapani, nyeupe, inanukia bado harufu ya nchi za watu. Mji mzima ulikuja kuishika. Kazi yake ikawa kuteremsha bidhaa za madukani kwenda ziwani, Mbamba Bay na Lundo, mara nyingine mpaka Chiwanda, na kupandisha usipa, wale dagaa wa ziwani.

Pikapu ile ilikuja na mikanda yake ya kiti, mizima, mipya. Unajua kitu cha kwanza alichofanya kaka? Aliikata kwa kisu cha samaki akafungia matenga ya usipa. Nilikwenda kumpongeza nikaona matenga yamefungwa kwa mkanda mweusi unaometameta, nikadhani macho yangu yana kasoro. Nikamuuliza. Akaniambia kwa furaha kabisa kwamba Wajapani wanajua kutengeneza kamba.

Jamani, niliishiwa nguvu. Lakini lazima niseme ukweli: hakuwa peke yake. Barabara ya kuteremka ziwani kwa wakati ule ilikuwa ya vumbi na kona, mkono mmoja mlima, mkono mwingine korongo, na madereva wake walikuwa na dini yao. Amri kuu ya dini hiyo ilikuwa kuruka. Dereva wa kweli aliteremka bila viatu, mlango haujabana vizuri, ili mambo yakiharibika aruke nje aliache gari liende linakotaka. Kujifunga mkanda ilikuwa ni kujifungia jeneza. Pale stendi walikuwa wakisimuliana kutwa nzima habari za fulani aliyeruka kona ile akapona, na fulani mwingine kona nyingine. Habari za walioruka wakalaliwa na gari lao wenyewe hazikusimuliwa, kwa kuwa wenyewe hawakuwapo stendi kuzisimulia.

Nikaona dawa ni picha. Nikampelekea kaka lile gazeti, nikamweleza kama nilivyoelezwa, penseli na vidole. Alisikiliza kwa utulivu ambao ungenishtua kama ningekuwa na akili. Akaliazima gazeti akaenda nalo stendi. Jioni akarudi, na matokeo ya utafiti wao yalikuwa haya: magari ya Wazungu siku hizi ni takataka. Walikuwa wamelipitisha gazeti mkono kwa mkono na kucheka mpaka machozi. Gari la tajiri limesambaratika kama boksi la sabuni! Yale malori ya zamani ya ushirika yaligonga mti, mti ukaanguka. Kwa hiyo kaka ameamua kwamba gari lake, lililo la Kijapani na bati lake laini, lazima litiwe chuma mbele. Na mwenye kukitia ni mimi.

Nilimwambia hapana. Nikamwambia bati likiwa laini mbele ndiyo bahati yake, akilikazia chuma atakuwa amejichongea. Nikamkumbusha ngoro. Nilijua hapo nimempata, kwa kuwa kaka alilima ngoro tangu hajaota ndevu, na mama yetu alikuwa na shamba la mfano. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akasema ngoro ni za mahindi na maharage.

Nikajaribu njia nyingine. Mbele ya karakana yangu palikuwa na ukingo wa kupakulia mizigo, unafika kiunoni. Nikamwomba aruke chini mara mbili, mara ya kwanza akunje magoti, mara ya pili asiyakunje, aone mwili wake wenyewe utamwambia nini. Akasema yeye ni mtu mzima mwenye watoto, hawezi kurukaruka mbele za watu kama chura. Basi nikaruka mimi. Mara ya kwanza nikakunja magoti, nikatua salama. Mara ya pili nikakaza miguu. Meno yakagongana, nikajing'ata ulimi, damu ikanitoka. Kaka alicheka akaegemea ukuta. Akawaita na mafundi wa jirani waje wanione. Somo la magoti likaishia hapo, na mimi kwa siku tatu nilikunywa uji wa vuguvugu.

Kumwelimisha mtu yule ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Shemeji, mkewe, ndiye aliyenielewa bila picha wala magoti. Alikuja karakana peke yake, akanisalimu, akakaa kwenye tairi bovu na kuniambia kwamba kila kaka anaposhuka ziwani yeye hapati hamu ya kula mpaka asikie muungurumo wa kurudi. Akaniomba nirudishe ile mikanda. Nikatafuta mikanda kwenye gari lililokufa, nikaifunga kwa boliti zenye heshima. Kaka hakuikata tena, labda kwa kumwogopa shemeji. Aliichomeka kwenye kufuli lake nyuma ya mgongo, akawa anaikalia. Ukichungulia dirishani unaona mkanda umefungwa safi kabisa, na mtu amekaa mbele yake.

Halafu akaleta reli. Kipande cha reli, reli ya treni, alichokinunua kwa watu wa vyuma chakavu kule Makambako na kukisafirisha mpaka Mbinga, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kuona treni. Wanaume wanne walikishusha wakihema. Nikakataa kukigusa. Kikakaa mlangoni pa karakana, watu wakajikwaa, mimi nikashikilia msimamo wangu. Kaka hakugombana. Alifanya jambo baya zaidi: alikwenda kwa mama.

Mama akaniita. Akaniuliza kwa upole kama ni kweli kaka yangu anaomba kazi ya mkono wangu nami namnyima. Nikaanza kueleza habari za mshindo. Mama alikuwa anapembua maharage; hakuinua macho. Akasema yeye hajui mshindo ni nini, lakini anajua nani alinibeba mgongoni kwenda shule wakati mguu wangu ulipokuwa na kidonda. Nikarudi karakana nikavaa miwani ya kuchomelea.

Na hili ndilo linaloniuma, maana ningeweza kulichomelea ovyo. Ningeweza kuweka vishikizo vyembamba, likigonga ling'oke. Lakini ujinga wa fundi ni kupenda kazi yake. Nilikata, nikapima, nikaunganisha reli na chesisi kwa vipande vya chuma kinene, nikapiga rangi nyeusi, nikapitisha na mstari mweupe. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama na, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Kaka alifurahi kama bwana harusi. Kesho yake pale stendi, mbele ya madereva wote, aliigongesha pikapu makusudi kwenye shina la mkaratusi ili waone. Majani yalidondoka, bampa halikutoka hata rangi. Wakampigia makofi. Kwa siku mbili shingo ya kaka haikugeuka, akitaka kumtazama mtu anageuka mwili mzima, na akasema amelala vibaya. Nilimwambia kwamba ule mkaratusi umemjibu. Maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Siku ya ajali ilikuwa kiangazi, asubuhi, jua limetoka na barabara kavu. Kaka alikuwa anateremka na shehena ya maduka ya Mbamba Bay: sukari, mafuta ya kula, na marobota ya mitumba. Juu ya marobota alikaa mwenye mitumba yake, mfanyabiashara wa makamo, mtu wa swala tano ambaye familia yake ilitoka pwani zamani. Yeye ndiye aliyetusimulia, na alitusimulia vilevile kila alipoulizwa, kwa hiyo namwamini.

Alisema mteremko ulipokuwa mkali alinusa harufu ya breki kuungua. Mzigo ulikuwa mzito, na ile reli yangu nayo haikuwa unyoya. Gari likaanza kukimbia kuliko lilivyotakiwa, kaka akawa anakanyaga na hakuna kitu. Mlango wake ulikuwa nusu wazi kama kawaida yao. Mfanyabiashara aliuona ukifunguka zaidi, akaona na mguu wa kaka, mtupu, umetoka nje. Akajua dereva anaruka, akaanza kutamka shahada. Kisha kaka akageuza kichwa. Akamwona yule mtu yuko juu ya marobota yake. Mguu ukarudi ndani.

Hakuruka.

Alishika usukani akaukata kuelekea upande wa mlima, mbali na korongo, na kwa ufundi huo nitamsifu mpaka nife. Wala mwendo haukuwa mkubwa kihivyo. Mwendo ambao dereva wa lile gari la gazetini angeuita matembezi. Bampa likajipigiza kwenye ukuta wa jiwe, na gari likasimama hapo hapo, papo kwa papo, bila kukunja hata kope. Mfanyabiashara akatupwa kwenye robota, robota likabonyea, akaamka na michubuko ya kiwiko. Kaka hakuwa na cha kubonyea. Alisimamishwa na usukani, kwa kifua. Mkanda ulikuwa umefungwa vizuri nyuma yake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo. Watu walikusanyika, wakamtoa, wakamlaza nyuma juu ya mitumba. Hapakuwa na gari jingine karibu. Mmoja wao anayejua kuendesha akajaribu funguo, na pikapu ikawaka mara moja. Rejeta haivuji. Taa mbili nzima. Breki zilikuwa zimepoa na zikashika kama hazikufanya lolote. Kaka yangu aliletwa kwa mama yake na gari lake mwenyewe lililomuua, linanguruma vizuri, na bampa halina hata mkwaruzo wa kukuonyesha.

Msiba ulikuwa mkubwa. Walikuja watu wa ziwani, wakaja wa Mbinga yote, na pikapu ilikuwa imeegeshwa pembeni ya uwanja, kwa sababu hakuna aliyefikiria kuiondoa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi wakiitazama. Nikawasikia. Mmoja akasema kweli chuma ni chuma. Mwingine akasema ingekuwa gari jingine wangeokota vipande. Wakatikisa vichwa kumsikitikia marehemu aliyekuwa na gari imara namna ile na bado siku yake ikafika. Siku yake! Nilitaka kuinuka nipige benchi teke. Na siku ya tatu, wakati nanawa mikono nile, dereva mmoja wa stendi akanisogelea, akanipa pole kwa unyenyekevu wote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumtengenezea na yeye la namna ile.

Niliacha maji yakamwagika, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa mara ya kwanza. Shemeji alinikuta huko. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Alisema neno moja tu, kwamba kile kitu kilicho mbele ya gari asikione tena.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa. Shemeji ana watoto, gari zima haliwezi kuoza uwanjani, na mdogo wetu wa mwisho anajua kuendesha. Ikaamuliwa hivyo. Sikubisha. Niliomba jambo moja, nikabidhiwe gari kwa siku chache, wakakubali wakidhani nataka kubadilisha oili.

Nilikata lile bampa mchana kweupe, mbele ya karakana, na kila aliyepita alisimama. Baba mdogo alikuja mbio na fimbo yake akaniuliza kama nimeshikwa na wazimu, naharibu mali ya marehemu, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kupenda, nikaendelea kukata. Stendi wakatangaza kwamba majonzi yamenipanda kichwani. Nikarudisha bampa la bati la Kijapani, jepesi, la kubonyea kwa teke. Nikanyoosha usukani. Nikabadilisha breki zote. Mikanda nikaitoa nyuma ya kiti na kuifunga upya, nikaivuta kwa uzito wangu wote kuona kama inashika.

Siku ya kumkabidhi mdogo wetu nilimkalisha ndani nikamweleza yote, tangu beseni la yule dereva wa gazetini mpaka kifua cha kaka. Aliitikia kila neno. Ndiyo kaka, sawa kaka. Alijifunga mkanda mbele yangu, akaapa kwa kaburi lile ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Nikajiona nimefanya kazi yangu. Akawasha, akatoka polepole kuelekea barabara ya ziwani, nami nikabaki nimesimama nafuta mikono.

Alipofika kwenye kona ya sokoni gari lilipunguza mwendo. Nikaona mlango wa dereva umefunguliwa kidogo na kurudishwa, haukubana. Na chini ya mlango, nje, inaning'inia ncha ya mkanda, inapigapiga bati.

Nilikimbia. Mtu mzima, ovaroli la grisi, kandambili moja imenitoka, nakimbia katikati ya soko napiga kelele simama, simama we mjinga. Akina mama waliinua vichwa kwenye mafungu ya nyanya. Watoto wakaanza kunikimbilia nyuma. Nilimfikia kwa kuwa kulikuwa na mbuzi barabarani, vinginevyo nisingemfikia. Nikaufungua ule mlango kwa nguvu, nikasimama hapo nahema.

Mdogo wangu aliangalia usukani.

"Kaka, watu wanatuangalia," alisema taratibu.

"Waache watuangalie. Hata kwenye msiba walituangalia."

Akasema mkanda ule unambana, na kwamba kwenye mteremko lazima mtu awe huru, aweze kuruka. Alisema hivyohivyo, kwa maneno yaleyale ya stendi, na sauti yake ilifanana na ya kaka. Nilitaka kumzaba kibao. Badala yake nilijikuta nimechuchumaa hapo barabarani, nimeshika goti lake, na wale watu wote wanatazama.

"Kaka yetu alikuwa ameshatoa mguu nje," nilimwambia. "Akaurudisha, kwa sababu nyuma kulikuwa na mtu. Wewe je? Ukigeuka ukamwona mtu, utaruka?"

Mbuzi waliondoka, gari la nyuma likapiga honi, mwenye gari akatutukana, hatukugeuka. Nilimwona anafikiri, na nilimjua tangu alipokuwa analala katikati yetu kitandani, kwa hiyo nililijua jibu kabla hajalipata.

"Siwezi," alisema.

Akainua mkono wake wa kulia juu, kama mtoto anayevishwa shati, akasubiri. Nikauvuta mkanda kutoka nje, nikaufuta vumbi kwa mkono wa ovaroli, nikaupitisha kifuani kwake.